Mnaandikaje hadithi ya upelelezi kwa sehemu za kila siku bila kuharibu kisa?

Kalamu ya Usiku (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi ni mwajiriwa katika ghala la vipuri mjini Morogoro, na usiku huandika hadithi za upelelezi ambazo huzituma kwa sehemu katika kundi la WhatsApp. Sehemu za mwanzo ni za bure, kisha anayetaka kuendelea hutuma shilingi 1,000 kwa simu na kuingizwa katika kundi la waliolipia. Utaratibu huu umenipatia wasomaji waaminifu, lakini umenibana kwelikweli. Waliolipia hutarajia sehemu mpya kila siku saa tatu usiku, na ikichelewa huanza kudai muendelezo, wengine kwa maneno makali, hata kama siku hiyo nimeshinda ghalani nikihesabu mali na nimerudi nyumbani hoi. Linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kwamba hadithi ya upelelezi haivumilii kukurupuka: kidokezo kilichotajwa katika sehemu ya tano kinapaswa kuwa na kazi katika sehemu ya hamsini, na sehemu ikishasomwa na kundi zima hakuna namna ya kuirekebisha. Naomba wenye uzoefu wanieleze wanavyopanga kazi yao. Je, mnamaliza mswada kwanza ndipo mnaanza kutuma, au mnaandika huku mkituma? Na je, hadithi iliyoandikwa hivyo inaweza baadaye kugeuzwa kitabu?

Mama Mswada

Ndugu mleta mada, mimi situmi sehemu ya kwanza kabla sijajua muuaji ni nani, aliua kwa sababu gani, saa ile alikuwa wapi na ni nani aliyemwona bila kutambua alichokiona. Mengine yote yanaweza kubadilika njiani, hayo manne hayabadiliki. Silazimiki kuwa nimemaliza mswada, ila ninakuwa na akiba ya theluthi moja hivi ya hadithi, na siku ya uchovu au ya msiba hutuma kutoka katika akiba hiyo.

Kando ya mswada nina daftari. Kila sehemu ina nusu ukurasa wake: siku na saa ndani ya hadithi, nani yuko wapi, amevaa nini, na kitu gani kimetajwa ambacho hakijapata maelezo. Nikiandika kwamba mlinzi wa geti anachechemea, katika daftari naweka “mlinzi anachechemea, bado”, na neno “bado” halikatwi mpaka msomaji ajue sababu. Kabla ya kuandika sura za mwisho hupitia “bado” zote zilizosalia, na mara nyingi hapo ndipo ninapopata mgeuko mzuri kuliko ule niliokuwa nimeupanga.

Usisahau pia kwamba katika kundi lako wamo askari, wauguzi na makarani wa mahakama. Ukiandika kwamba mtuhumiwa wa mauaji amefikishwa kwa hakimu mkazi asubuhi, akakana shtaka na kuanza kutolewa ushahidi siku hiyohiyo, watakucheka, kwa sababu kwa kawaida hapo husomewa shtaka tu bila kutakiwa kujibu lolote, na shauri lenyewe husikilizwa na Mahakama Kuu baada ya upelelezi kukamilika. Vivyo hivyo kwa vinasaba: sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu hayarudi kabla chai haijapoa. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, kwa hiyo siku ya likizo nenda ukakae nyuma ya chumba cha mahakama, usikilize jinsi wakili anavyomhoji shahidi. Utapata mazungumzo ambayo huwezi kuyatunga.

Mhariri Mkaidi

Nakubaliana na daftari, ila sikubaliani sana na akiba kubwa. Faida ya kutuma kwa sehemu ni kuwasikia wasomaji wakibishana, na mwandishi aliyekwisha kuandika theluthi nzima huziba masikio. Wote wakimshuku mjane tangu sehemu ya kumi, anapaswa kuwa na nafasi ya kulitumia hilo. Sehemu saba au nane za akiba zinatosha.

Kuhusu kitabu, jibu ni ndiyo, lakini si kwa kubandika sehemu zote katika faili moja. Miswada ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na “Ilipoishia” na “Sasa endelea” huwa zimeondolewa, huku maradhi yake yakiwa yamebaki. Mhusika anatambulishwa upya kila baada ya kurasa chache, na kila sura inaishia kwa simu kuita au mlango kugongwa. Katika mswada mmoja mpelelezi alipigwa risasi bega la kushoto, na sura chache baadaye akawa anauguza la kulia. Tenga muda wa kuandika upya kabisa. Tena muulize mchapishaji mapema, maana wapo wasiopenda kazi iliyokwisha kuzunguka mitandaoni.

Na ajira yako usiione kuwa ni mkosi. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 kwa riwaya iliyotoka kitabuni mwaka 1960, na katika miaka hiyo alikuwa na kazi ya uhariri wa jarida la kilimo.

Kalamu ya Usiku

Nawashukuru nyote, daftari naanza nalo leo. Nina swali moja la nyongeza: nifanyeje na wasomaji wanaolipia, kisha wanakusanya sehemu zote katika faili la PDF na kulisambaza katika makundi mengine?

Msajili

Kulizuia kabisa huwezi. Kisheria kazi ni yako tangu ulipoiandika, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, lakini kuisajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi pale ugomvi unapofika mbali. Weka jina lako na namba ya malipo ndani ya kila sehemu, katikati ya maandishi na si chini yake, kwa kuwa wanaokusanya hukata mwanzo na mwisho tu. Mimi sehemu tatu za mwisho huzituma kwa msomaji mmoja mmoja, zikiwa na jina lake juu. Ni kazi ya kuchosha, lakini tangu nianze utaratibu huo, faili zangu nyingi zinazozunguka hazina mwisho, na wanaozisoma hunitafuta wenyewe ili walipie.

Mama Mswada

Hilo la jina la msomaji nitalijaribu. Na kuhusu saa tatu usiku, mleta mada, watangazie sasa kwamba Jumapili hakuna sehemu. Watalalamika wiki mbili, kisha watazoea.