Wakuu wa databesi za Oracle Tanga, bakapu za databesi iliyokwisha kufa mnamwekea nani?

Salamu baadaye. Kila databesi ya majaribio ikirifreshiwa (ikijengwa upya) kutoka prodakshen, yaani databesi ya kazi halisi, haupiti muda diski inajaa, ORA-00257 (Oracle imekosa nafasi ya kuweka archive log, yaani kumbukumbu za mabadiliko) inatokea, hakuna anayeingia, na barua ya kuomba diski mpya inapelekwa Dar. Mji wetu ni waja leo waondoka leo. Bakapu zenu zikija haziondoki!

Ukitumia DUPLICATE ya RMAN (chombo cha bakapu cha Oracle), databesi mpya inapewa DBID mpya, yaani namba ya utambulisho. Jina lilelile, folda ileile, lakini kwa RMAN huyo ni mtu mwingine kabisa. Control file mpya (faili ambamo RMAN huandika rekodi za bakapu) haina rekodi hata moja ya bakapu za mwanzo, kwa hiyo ile DELETE OBSOLETE (futa bakapu zisizohitajika tena) mliyoitundika kwenye kroni itakesha kila usiku ikisema hakuna cha kufuta. Haiwadanganyi, haizioni tu. Ukijaribu kuzisajili kwa CATALOG START WITH, inazikataa kwa RMAN-07518: faili la databesi ya kigeni. Na nyie wa CROSSCHECK (kagua kama mafaili bado yapo) kisha DELETE EXPIRED, hiyo inafuta rekodi za mafaili ambayo hayapo tena. Yaliyopo haiyagusi. Tuliseme mara ngapi?

Kazi hii inafanywa KABLA ya rifreshi. Databesi ya zamani ikiwa bado iko mount (control file imesomwa), soma DBID kwenye V$DATABASE, iandike mahali. Nakili bakapu kamili ya mwisho pamoja na control file yake kwenye folda nyingine, maana rifreshi ikikwama katikati utaihitaji. Ndipo upige DELETE NOPROMPT BACKUP na DELETE NOPROMPT ARCHIVELOG ALL. Kama mnatumia katalogi (databesi ya pembeni inayotunza rekodi za RMAN), malizia na UNREGISTER DATABASE. Databesi mpya ikifunguka, chukua level 0 (bakapu kamili ya msingi) siku hiyohiyo, kisha ile nakala ya pembeni ifutwe.

Umeshachelewa? Futa kwa mkono, lakini kwa kuangalia DBID kwenye majina ya mafaili (weka %I kwenye FORMAT kuanzia leo, haikugharimu kitu). Acheni find -mtime +14 -delete, ile ya kufuta kila faili lililopita wiki mbili. Umri wa faili hauonyeshi ni la nani, na siku moja itakula level 0 ambayo incremental (bakapu za mabadiliko tu) zote za wiki zinaitegemea.

Linalonichefua zaidi ni hili: mtu anafanya RESTORE kwenye seva ya majaribio, hapigi NID (chombo cha kubadili DBID), DBID inabaki ya prodakshen, kisha anaunganisha katalogi ileile. CROSSCHECK yake haizioni bakapu za prodakshen, inaziandika EXPIRED, DELETE EXPIRED inazifuta kwenye katalogi. Na kama folda ya bakapu imeshirikiwa kwa NFS, DELETE OBSOLETE ya majaribio itafuta mafaili halisi ya prodakshen. Halafu tunaambiwa "mfumo umeleta shida". Mfumo gani?

Jibu la kwanza: Mkuu, ongeza na hili. Wakifuta kwa rm bakapu za databesi ya sasa ndani ya FRA (eneo la bakapu ambalo Oracle yenyewe inalipimia nafasi), df ya seva inaonyesha nafasi ipo lakini V$RECOVERY_FILE_DEST bado inahesabu imejaa, ORA-19809 (kikomo cha nafasi kimepitwa) inaendelea. Hapo ndipo CROSSCHECK na DELETE EXPIRED zinapofaa.

Mwanzisha uzi: Sahihi. Na hapo ndipo hawazipigi.