Madereva wa barabara ya Nzega–Tabora: baiskeli ikija mbele yako, barabara HAIKO wazi!

Wakuu, mwangaluka.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mguu wa kushoto umefungwa bandeji kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Baiskeli iko kwa fundi, rimu ya mbele imejikunja kama chapati. Lita 40 za maziwa ya watu zimenywewa na mchanga. Na sikugongwa, hakuna gari lililonigusa hata kidogo, ndiyo maana nilipokwenda kueleza nikaambiwa hapa hakuna ajali, nenda nyumbani ukapumzike.

Mimi kazi yangu ni maziwa. Natoka kijijini upande wa barabara ya Nzega saa 11 alfajiri, nazungukia wafugaji watatu, ikifika saa 12 na nusu niko kwenye lami naelekea Tabora mjini. Nabeba madumu mawili ya lita 20, moja kila upande wa keria, nimeyakaza kwa mpira wa tyubu. Huu ni mwaka wa tisa. Barabara hiyo naijua shimo kwa shimo.

Alhamisi iliyopita nilikuwa kushoto kwangu, pembeni kabisa. Kumeshapambazuka kweupe, barabara imenyooka, mtu unaona mbele mpaka macho yachoke. Mbele yangu linakuja lori la magunia, linajikokota. Nyuma yake basi. Dereva wa basi akachungulia, akaniona. Najua aliniona kwa sababu alinimulika taa mara mbili, akapiga honi ndefu, kisha akatoka nyuma ya lori akaja upande wangu.

Soma tena hapo mkuu. Kaniona, kanimulika, ndipo akanijia.

Kondakta alikuwa amesimama mbele kwenye kioo, ananipungia mkono nishuke barabarani. Kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama.

Sasa asiyewahi kubeba mzigo kwa baiskeli atasema si ungekwepa tu. Ndugu yangu, ukiwa na lita 40 nyuma, baiskeli haikwepi. Ukikata hendeli ghafla, maziwa yanacheza ndani ya dumu, yanavuta keria upande wa pili, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi halikutii. Inabidi uinamishe baiskeli polepole, na polepole sikuwa nayo. Halafu ukingo wa lami pale umelika, kutoka juu ya lami hadi chini ni karibu urefu wa tofali lililosimama. Chini ni kichanga chetu cha Unyamwezi ambacho kila mtu anakijua. Tairi la mbele likashuka, likazama, likasimama. Mimi sikusimama. Nikapita juu ya hendeli, pedeli ikanichana ugoko, dumu moja likapasuka kwenye mshono, la pili likang'oka kifuniko. Nikiwa chini nikasikia upepo wa basi unapita na vumbi lake. Halikupunguza mwendo. Lori ndilo lililosimama, na utingo wake, kijana mdogo, akashuka akaniinua na kunifunga mguu kwa kitambaa chake. Mungu ambariki yule kijana.

Maziwa yalikuwa yanapotea taratibu, unayatazama tu. Shilingi 1,500 kwa lita, pigeni hesabu. Na wafugaji wangu hawalidai basi, wananidai mimi.

Kinachoniuma kuliko mguu ni hiki: pale mbele lingekuwa linakuja gari, hata kigari kidogo cha mtu mmoja, yule dereva asingetoka. Angekaa nyuma ya lori dakika moja, angetukana kidogo, angesubiri. Alipoona baiskeli, kichwani mwake aliona barabara tupu. Sisi hatuhesabiwi. Kuovateki unafundishwa hadi mbele pawe wazi, sasa nani alifundisha kwamba penye mtu wa baiskeli ni pawazi?

Nimekaa na mguu wangu juu ya stuli nikapiga hesabu, maana sina kazi nyingine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema basi au lori lenye uzito unaozidi kilo 3,500 mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Tuseme yule dereva alikuwa anaitii, jambo ambalo siliamini. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Mimi na mzigo naenda kama kilomita 15 kwa saa. Tukija uso kwa uso tunakaribiana mita 26 kila sekunde. Akichomoka nyuma ya lori nikiwa mita 150 mbele yake, nina sekunde 5 na kidogo. Mbili zinaishia kwenye kushtuka.

Upana nao ni hivyohivyo. Basi mita 2.5, lori mita 2.5. Yakiwa sambamba ni mita 5 bila vioo na bila nafasi kati yao. Hata lami ingekuwa na mita 6.5, mimi nabakiziwa mita 1.5 kwenye karatasi. Barabarani sibakiziwi kitu, kwa sababu dereva ataogopa kukwaruzana na lori, hanionei mimi huruma. Madumu yangu peke yake kutoka ncha hadi ncha yanakaribia mita.

Na honi. Jamani, honi si breki. Honi ni kumjulisha mtu kwamba upo, haiwezi kuwa amri ya kumtoa mtu barabarani. Siku hizi dereva akishapiga honi anajiona amemaliza wajibu wake, kitakachotokea ni juu yako. Hata wanaokuja nyuma yetu ni hivyo hivyo: honi ndefu, mguu kwenye mafuta, kioo kinapita kwenye kiwiko chako. Ufaransa sheria yao imeandika kabisa kipimo, ukimpita mpanda baiskeli mwachie nafasi ya mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji, huna nafasi hiyo subiri nyuma yake. Huku kwetu kipimo ni roho ya dereva.

Mabasi yamefungwa king'amuzi mwendo, sawa, kimesaidia, sikatai. Lakini king'amuzi kinasema basi lilikuwa linakimbia kiasi gani. Hakisemi kwamba lilikuwa kwenye upande wa mtu mwingine na mtu huyo alikuwepo pale. Yule aliyeniangusha huenda kwenye rekodi yake ya siku ile ni dereva msafi kabisa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Mimi hata kwenye daftari la majeruhi wa hapa sijaandikwa. Niliandikwa zahanati, "ameanguka na baiskeli". Wangapi wameandikwa hivyo?

Tena huu ni mkoa wa baiskeli! Ardhi yetu ya huku ni tambarare, ndiyo maana mama anaendesha na mtoto mgongoni na beseni kwenye keria, mwanafunzi anaendesha, fundi mwashi anaendesha na ngazi begani. Njia hizi wapagazi wa Kinyamwezi walizipita kwa miguu na mizigo kichwani kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mtu wa mzigo ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye njia hizi. Leo ndiye anayefukuzwa mchangani.

Na wenzangu wa baiskeli nanyi siwaachi. Wabeba mkaa mnaotoka porini saa 9 usiku na magunia matatu, nyuma hakuna taa, hakuna hata kipande cha kiakisi mwanga, mnataka dereva awaone kwa kutumia nini? Kiakisi ni bei ya chai na vitumbua. Na nyie mnaoendesha upande wa kulia eti mnataka kuliona gari linalokuja: hiyo ni ya mwenye kutembea kwa miguu, baiskeli inakaa kushoto. Mnaharibu. Dereva akishakutana na mmoja wenu usiku, asubuhi hasira zake ananimalizia mimi.

Lakini tusichanganye mambo. Mimi nilikuwa kushoto, kweupe, nimeonekana.

Ninachotaka ni vitu viwili. Wanaosimamia barabara wajaze zile kingo, udongo ulingane na lami, na siku ya kukarabati watuwekee bega la kupita baiskeli lililosakafiwa, si kichanga. Na askari wa barabarani, pamoja na tochi yenu ya mwendo, simameni siku moja asubuhi pale barabara iliponyooka mtu anaona mbali, mhesabu wanaoovateki huku baiskeli inakuja. Siku moja tu. Mtajaza kitabu.

Naongeza: kuna mkuu ameniandikia pembeni kwamba niwe nashuka mwenyewe kila nikiona basi linakuja. Mkuu wangu, kushuka pale ni kusimama, kuishikilia baiskeli isianguke, kuishusha kwenye ukingo, kusubiri, halafu kuipandisha tena na kilo 40 juu. Nifanye hivyo kwa kila gari kubwa kuanzia kijijini hadi mjini, maziwa yatafika yameshaganda.

Naongeza tena: yule kondakta hakuwa peke yake mbele. Viti vile vya mbele vilikuwa vimejaa, niliona nyuso. Mama mmoja mwenye kitenge cha njano aliweka mkono mdomoni. Abiria mnaokaa pale, mnaona kila kitu kabla yetu. Mwambieni dereva "kuna mtu mbele, subiri". Semeni kwa sauti, na basi zima lisikie.