Cygnus ya 2004: nianze na nini kabla ya kwenda Ruaha na Katavi?

Dada wa Kihesa

Wakuu, habari za jioni. Nimenunua Land Cruiser Cygnus ya 2004, injini 2UZ ya petroli, V8 ya lita 4.7, viti vya ngozi, suspensheni ya majimaji inayopanda na kushuka kwa kitufe. Imetoka Japani ikiwa na kilomita 168,000. Karatasi ya kuonyesha kama mkanda wa taimingi umewahi kubadilishwa haipo.

Tuko Iringa, mimi na mume wangu na watoto watatu. Julai tunataka kuingia hifadhi ya Ruaha, halafu baadaye tupite Mbeya na Sumbawanga mpaka Katavi, tukilala kwenye hema.

Fundi mmoja amenipigia hesabu: kulinyanyua inchi nne, tairi za inchi 35, bampa la chuma na winchi, keria ya chuma na hema la juu, mkonga (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu), taa za ziada. Suspensheni ya majimaji anasema ing'olewe yote. Bajeti yangu ni milioni 12 na orodha hiyo inaimaliza. Mume wangu anasema shangingi ni la lami, tuliache. Mimi sikubali. Naomba mwenye uzoefu aniambie kipi kianze na kipi kisubiri.

Mzee wa Makongolosi

Uza, chukua hardtop, ile Land Cruiser ya kazi, yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Kila kijiji kina fundi wake.

Fundi Sombetini

Dada, hongera kwa gari, na usiliuze. Nipo Arusha, kazi yangu ni kujenga magari ya kupeleka watalii porini, na hizi Land Cruiser za 100, kundi la Cygnus yako, nimezifungua sana. Nitaandika marefu, maana hela yako inaweza kuishia kwenye vyuma vya nje halafu gari likakufia Sitalike, pale mlangoni mwa Katavi, kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Hicho kipande ndicho cha kwanza. Nyuma ya injini, pale mipira ya hita inapoingia kwenye ukuta wa kabini, kuna viungio vya plastiki vyenye umbo la T. Miaka ishirini ya joto imevikausha kama biskuti. Barabara ikianza kutetemesha gari, kimoja kinameguka, maji ya rejeta yanamwagika yote ndani ya dakika chache, na usipoiona mapema geji ya joto silinda hedi zinapinda. Badilisha vyote pamoja na mipira yake. Vya shaba vikipatikana ni bora zaidi. Hapo hapo itazame rejeta: tangi lake la juu ni la plastiki nyeusi, likigeuka rangi ya kahawia ujue linakaribia kupasuka.

Mkanda wa taimingi wa 2UZ unabadilishwa kila kilomita 150,000. Gari lako limepita hapo na ushahidi huna, basi hesabu kwamba haujaguswa. Ukifungua, weka wota pampu na beringi za mkanda siku hiyo hiyo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile.

Breki. Gari hili halitumii busta ya vakyumu kama hardtop, lina pampu ya umeme inayojaza presha. Pampu ikichoka, kengele inalia na pedali inakuwa ngumu, na ukiwa unashuka mlima ni hatari ya kweli. Kuipima ni bure. Zima gari, kanyaga breki mara 40, kisha washa swichi bila kuwasha injini na usikilize. Pampu italia halafu inyamaze. Ikivuka sekunde 40 bado inalia, iangaliwe kabla ya safari yoyote.

Sasa suspensheni. Kabla hujamruhusu mtu kuing'oa, simamisha gari mahali tambarare bila mzigo, injini ikiunguruma. Lishushe mpaka chini, soma kiwango cha oili kwenye kopo lake, kisha lipandishe mpaka HI, yaani juu kabisa, usome tena. Mitungi ya gesi ya suspensheni hiyo ikiwa mizima tofauti inakuwa alama 14 hivi. Ikikaribia 7, mitungi imekufa, na ndiyo maana magari mengine ya namna hii yanaruka kama mkokoteni. Kama yako ni mizima, badilisha oili, mwambie fundi arekebishe toshenba za mbele (vyuma vinavyojisokota kufanya kazi ya springi) ili pampu isibebe uzito peke yake, na uendelee nayo. Hakuna springi ya kununua itakayokupa ule utulivu.

Inchi nne hapana. Mbele gari hili halina ekseli moja nzima, kila tairi lina mikono yake. Ukilinyanyua hivyo sivi jointi, viungio vinavyozungusha tairi za mbele, zinakaa kwa pembe kali, buti zake za mpira zinachanika, na tairi linakosa nafasi ya kushuka, kwa hiyo ukiingia kwenye korongo linaning'inia hewani badala ya kushika ardhi. Sentimita tano ndiyo mpaka wangu, na wewe hata hizo huzihitaji. Kitufe cha HI kinakuinua pale penye jiwe, kisha unarudi chini.

Tairi ndizo za kulipia. Cygnus za miaka hiyo zina rimu 18 na tairi 275/60. Tafuta rimu 16 na tairi za A/T (za lami na porini) 275/70, saizi iliyokuja na 100 za mwanzo. Kimo cha tairi kinatoka milimita 787 hadi 791 tu, spidomita haipotei, lakini ukuta wa tairi unaongezeka kutoka milimita 165 hadi 192. Ukuta huo ndio unaomeza jiwe na ndio unaokuruhusu kupunguza upepo mchangani. Tahadhari: rimu za hardtop mpya zina matundu matano yanayolingana na yako, lakini nyingi zinatokeza nje na kuumiza beringi. Jaribu moja juu ya hubu na breki kabla hujalipia zote tano.

Na uzito. Gari tupu ni kama kilo 2,500, na 100 ya V8 imejengwa kubeba jumla ya kilo 3,260 hivi. Sasa jumlisha orodha ya huyo fundi: bampa na winchi 115, keria 50, hema la juu 60. Ongeza spea ya pili 35. Maji lita 60. Chakula, jiko na friji 80. Ninyi watano weka 260. Hiyo ni 660 kati ya 760, na dumu la petroli bado hujalipakia! Futa bampa, futa hema la juu. Msembe, kule ndani ya Ruaha, mtalala kwenye hema la chini na watoto watafurahi zaidi.

Msafiri wa Marsabit

Salamu kutoka Kenya. Dada, kuhusu upepo wa tairi msikilize fundi. Barabara ya mawimbi mimi hushuka hadi psi 25 na mchangani 18, na hubeba kompresa ya kurudishia. Lakini kuhusu hiyo suspensheni sikubaliani naye. Huku kaskazini paipu moja ya majimaji ikipasuka hakuna wa kukusaidia kwa kilomita mia mbili. Mimi niliing'oa yote, nikaweka toshenba nene, springi na shokapu za kawaida, na sijajuta.

Fundi Sombetini

Kaka, kwa mzigo wako na njia zako uko sahihi, na mteja akija na safari ya Turkana namfanyia hivyo hivyo. Huyu dada anakwenda mbugani na watoto, mwendo hauzidi 50, na nje ya njia za hifadhi haruhusiwi kuendesha. Mitungi ikisoma vibaya, naye aing'oe.

Dada wa Kihesa

Nimeelewa, asanteni sana. Mkonga nao niache? Na petroli itatosha?

Fundi Sombetini

Mkonga usiuharakishe. Kwanza refusha paipu za kupumulia za difu zipande mpaka kwenye boneti, ni kazi ya bei ndogo, na maji ya mtoni hayaingii tena kwenye oili. Mkonga una faida kwa vumbi, lakini chujio jipya la hewa na la akiba vinakutosha Julai.

Tangi lako ni lita 96. Kwa mwendo wa porini panga kilomita 5 kwa lita, usitegemee zaidi. Jaza Sumbawanga, jaza tena Mpanda.

Kuna jambo sijaliona kwenye orodha yoyote: AC. Katavi ina mbung'o, na mbung'o hufuata gari linalotembea. Utafunga vioo vyote katikati ya joto ukiwa na watoto watatu nyuma. Kwa hiyo AC ihesabu pamoja na rejeta na breki. Na nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, rangi hizo zinawavuta.

Pia bonyeza kitufe cha senta loki, kinachofunga difu ya kati, ukiwa kwenye vumbi, uone taa inawaka kweli. Magari yaliyoishi lami miaka yote mota yake huganda, na ukiingia mchanga wa mto Mwagusi kule Ruaha ndipo utakapoihitaji. Paka grisi nipeli za propela shafti, na beringi za mbele zifunguliwe zipakwe upya.

Ruaha iwe majaribio yenu. Mkirudi Iringa ingia chini, tafuta oili inayovuja, kaza boliti za keria na za shokapu, angalia buti za sivi jointi. Katavi baada ya hapo. Kesho nisomee zile alama mbili za oili, chini na juu, uziandike hapa, ndipo nikuambie suspensheni ibaki au itoke.