Dalali wa nyumba apewe leseni kwa masharti gani?

Mleta mada, Tabata, Dar es Salaam

Habari za jioni ndugu zangu. Naleta hoja hii nikiwa bado na uchungu, na sitauficha.

Mwezi wa tatu nilipata chumba na sebule upande wa Segerea, choo ndani, luku (mita ya umeme) ya kujitegemea, laki mbili kwa mwezi. Dalali nilikutana naye kijiweni, nikampa hela ya kuonyeshwa nyumba, tukapanda bodaboda. Mlango aliufungua mwenyewe kwa ufunguo alioutoa mfukoni, na ufunguo ule ndio uliniondolea wasiwasi wote. Mwenye nyumba, akasema, yuko mkoani, hela ipitie kwake. Nikalipa kodi ya miezi sita, 1,200,000, na ya dalali mwenyewe ya mwezi mmoja, 200,000. Tukaandikishana palepale kwenye fomu ya mkataba ya kununua dukani.

Jumamosi nikafika na kirikuu, kigari cha mizigo, godoro juu, jiko la gesi nimelipakata. Nikakuta familia inashusha kabati. Wao walimlipa mwenye nyumba mkononi. Hata saa haijaisha, akaja kijana mwingine na mkataba kama wangu, mwandiko uleule. Simu ya dalali haipatikani hadi leo.

Serikali ya mtaa walisema hawamjui. Polisi wakanifungulia jalada, wakaniuliza jina lake kamili. Nilikuwa na jina la utani, na namba iliyosajiliwa kwa mtu mwingine kabisa. Nimempa mtu milioni moja na laki nne na sijui anaitwa nani.

Sasa hoja yangu. Wakala wa bima hawezi kukuuzia hata bima ya pikipiki bila kusajiliwa na TIRA, mamlaka ya bima. Wathamini, wanaokadiria thamani ya nyumba na ardhi, wana sheria yao ya 2016 na bodi yao. Madalali wa nyumba hawana sheria ya namna hiyo. Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya shughuli 15, na mojawapo ni udalali na uwakala wa biashara na mali isiyohamishika. Mgeni akikamatwa, faini haipungui milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali chake kinafutwa. Kwa hiyo tumeshasema nani asiifanye kazi hii. Mzawa anayeifanya hatujamuuliza anajua nini, wala hela za watu anaziweka wapi.

Mimi nasema leseni iwepo. Tujadili masharti: cheti cha chuo, mtihani, dhamana ya fedha, au kuandikishwa tu?

Dalali, Kimara, miaka 14 kazini

Pole sana dada yangu. Yaliyokupata yanatuumiza na sisi, kwa sababu kesho mteja akija kijiweni ananitazama mimi kama yule.

Lakini niseme ukweli wangu. Nimeishia darasa la saba. Kijiweni tuko tisa na tuna daftari la nyumba. Nyumba ikija tunaandika: mwenyewe nani, anakaa wapi, luku ni ya peke yake au mnachangia, maji ya DAWASA au kisima, mvua ya masika ikinyesha gari linafika au haliingii, jirani ana baa au hana. Hayo hakuna chuo kinachofundisha. Ukiniletea mwenye digrii leo, hajui kwamba nyumba fulani kule bondeni inajaa maji kila Aprili. Mimi najua, nimeshahamisha watu pale usiku.

Na wateja wanalalamikia elfu kumi ya kuonyeshwa nyumba. Hiyo ndiyo boda. Naweza kuzungusha mteja siku nne, nyumba saba, mwisho wa siku anaipenda moja, anaondoka kimya, jioni anarudi kwa mwenye nyumba wanamalizana wenyewe. Nimekula hasara na sina pa kwenda kushtaki.

Mkiweka digrii, vijana wa chuo watafungua ofisi Mikocheni na Masaki. Chumba cha elfu sabini cha Kimara mwisho hawatakuja kukionyesha. Tutakionyesha sisi wenyewe, safari hii tukiwa wahalifu.

Mpangaji, Nairobi

Hapo kaka wa Kimara amegusa kitu ambacho sisi Kenya tunakijua vizuri. Sisi tuna sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, Sura ya 533, na bodi yake ya usajili. Lazima uwe umefika miaka 21, uwe mtu mwadilifu, na uwe na sifa za kitaaluma. Njia inayojulikana zaidi ni kuwa mwanachama kamili wa ISK, yaani taasisi ya wapima na wasimamizi wa ardhi. Ukifanya kazi bila usajili ni kosa: faini isiyozidi shilingi 20,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Sasa njoo Roysambu au Kayole utafute bedsitter, yaani chumba kimoja cha kupanga. Utakayeongea naye ni keateka, mtunza nyumba, au kijana mwenye picha kwenye simu. Wakala aliyesajiliwa yuko kwa nyumba kubwa na maofisi. Hiyo faini ya 20,000 iliandikwa wakati pesa ilikuwa pesa. Siku hizi kuna deposit ya nyumba moja inayoishinda, kwa hivyo tapeli hatishiki.

Sipingi leseni. Ninachosema ni kwamba mkiweka mlango juu sana, watu watapitia dirishani, na huko dirishani ndiko mpangaji wa kawaida anakutana nao.

Mthamini, Dodoma

Naheshimu uzoefu wa ndugu yetu, ila mjadala umebaki kwenye vyumba vya kupanga. Dalali huyohuyo kesho anauza kiwanja Chanika au Goba, na asilimia 10 yake anaitaka. Hapo kutojua kunaharibu maisha ya watu.

Nimekaa mezani na wanunuzi waliolipa kila kitu kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule unaonyesha kwamba watu waliandikishana mbele ya kiongozi. Umiliki hauthibitishwi nao. Umiliki unatafutwa kwa msajili wa hati, na kama eneo halina hati, unatafutwa kwenye kumbukumbu za halmashauri na kwa majirani. Nimeona pia nyumba ya familia imeuzwa na mume peke yake, mke akaja na watoto baada ya mnunuzi kuhamia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya ndoa. Dalali alikuwepo, alimwona mama wa nyumba jikoni, hakuuliza. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, ilhali kuna madalali wanamtembeza mgeni viwanjani kana kwamba anachagua embe sokoni.

Tena sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha ya 2006 inawataja wafanyabiashara wa mali isiyohamishika kati ya wanaotakiwa kutoa taarifa za miamala yenye mashaka. Atatoaje taarifa mtu ambaye hajaambiwa kwamba anahusika?

Kwa hiyo mimi nasema stashahada. Chuo Kikuu Ardhi kipo, vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro vipo.

Mleta mada

Mthamini, nakubali kila ulichosema kuhusu anachopaswa kujua. Stashahada ndiyo inayonishinda. Ulivyotaja ni vitu vinne au vitano. Fundi umeme wa mtaani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanampima ujuzi alioupatia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka miwili. Kwa nini dalali asipimwe hivyohivyo, kwa Kiswahili, hata kwa mdomo? Umuulize: nyumba hii inauzwa na baba, mama yupo, unafanya nini kwanza? Akijibu vibaya, aende akajifunze arudi.

Na mimi niliyeibiwa, nisiseme uongo: stashahada isingenisaidia. Yule bwana alikuwa anajua sana. Mkataba aliuandika vizuri kuliko ambavyo ningeuandika mimi.

Mama mwenye nyumba, Mbagala

Wanangu, mnawazungumzia wapangaji tu. Mimi nina vyumba vinne. Nilimwambia dalali chumba elfu hamsini. Mpangaji akaingia, akakaa miezi mitatu, siku moja maji yamekatika ananifokea: mama, nakulipa elfu sabini halafu maji hakuna. Ndipo nikajua kuna cha juu. Elfu ishirini kila mwezi, na miezi sita alishailipia mbele. Dalali alichukua ile ya mwezi mmoja kwa mpangaji, na kwangu akachukua ya soda.

Anayefanya kazi yangu aniambie bei aliyomwambia mtu. Hilo nalo muliweke kwenye hayo masharti yenu.

Mtanzania, Houston

Shikamoo mama. Hilo la cha juu huku Texas lingemfikisha wakala mbele ya tume ya leseni na leseni yake mkononi.

Niliianza njia hiyo mwenyewe, kwa hiyo naeleza nilichopitia. Uwe na miaka 18. Unasoma saa 180, kozi sita za saa 30, na moja nzima inahusu wajibu wa wakala kwa anayemwakilisha. Unachukuliwa alama za vidole, wanakagua kama una makosa ya jinai. Unafanya mtihani wenye sehemu mbili, ya kitaifa na ya jimbo. Ukifaulu yote bado huruhusiwi kufanya kazi mpaka broka mwenye leseni akuchukue chini yake, kwa sababu ukiharibu na yeye anaulizwa. Wewe mwenyewe kuwa broka kunadai miaka minne ya kazi na masomo zaidi.

Digrii sio lazima. Darasani nilikaa na mama aliyekuwa akisafisha hoteli na kijana wa Kikongo aliyekuwa dereva wa lori. Kilichonigusa zaidi ni hiki: hela ya mteja ukiishika inaingia kwenye akaunti ya amana, mbali na ya kwako. Ukiichanganya umejitafutia kufungiwa. Na upo mfuko wa fidia unaotokana na ada za mawakala, kwa ajili ya mteja aliyeshinda kesi akakuta wakala hana kitu. Dada wa Tabata, kwangu hapo ndipo penye kidonda chako.

Mleta mada

Ndipo penyewe, kaka. Nimekaa na jambo hili tangu Machi, na nikifika kwenye sharti la kwanza naona moja tu: asiyetambulika asishike hela ya mtu. Ningelitenganisha kabisa. Anayeonyesha nyumba tu, aandikishwe kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA, picha na namba moja ya simu, kitambulisho akivae shingoni, orodha ibandikwe ofisi ya mtaa na isomeke kwenye simu. Hilo halimgharimu wa Kimara chochote zaidi ya siku moja. Anayetaka kupokea kodi au malipo ya kiwanja kwa niaba ya mtu, huyo ndiye apimwe, aweke dhamana au achangie mfuko, na hela ipite benki kwenye akaunti ya wateja. Na anayeuza ardhi apite pia kwenye maswali yale ya mthamini.

Tazameni pia Afrika Kusini. Sheria yao ya 2019, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka wakala awe na cheti cha mfuko wa uaminifu, ule wa kufidia wateja walioibiwa. Bila cheti hicho halali hana haki ya kulipwa kamisheni, na akilipwa inadaiwa irudi. Naipenda kwa sababu haisubiri polisi wazunguke vijiweni. Mteja mwenyewe ana sababu ya kuuliza: cheti kiko wapi?

Dalali, Kimara

Dada, hapo umezungumza na mimi. Kitambulisho nitakivaa, hata kesho. Hela ya kodi kwa kweli sitaki kuishika, ni mzigo, mwenye nyumba ndiye hulazimisha kwa sababu yuko mbali. Na cha juu, mama wa Mbagala, nimewahi kukiweka. Nakiri. Ukizungukwa, yaani mteja na mwenye nyumba wakimalizana bila wewe, mara tatu mfululizo, unaanza kujilipa kwa njia unayoijua.

Ndiyo nauliza: na mimi leseni inanilinda wapi? Nikimleta mteja, wakanizunguka, kitambulisho shingoni kitanisaidia nini?

Mleta mada

Swali la haki kabisa, na nakubali kwamba sheria itakayombana dalali tu itakufa kijiweni. Ningeandika hivi: dalali aliyesajiliwa ana karatasi ya ukurasa mmoja, mwenye nyumba anasaini bei anayotaka na malipo ya dalali, mteja anasaini nyumba alizoonyeshwa na tarehe. Ukizungukwa, una karatasi ya kupeleka Mahakama ya Mwanzo. Na bei ikishaandikwa pale juu, mteja anaiona, cha juu hakina pa kukaa.

Kaka, lile daftari la kijiweni kwenu limeshafika nusu. Lina jina la mwenye nyumba, lina luku, lina maji. Ongezeni bei aliyoitaja na sahihi yake, halafu niambie wiki hii wangapi wamekubali kusaini.