MREJESHO: Hamoki au hema, Tabora hadi Kigoma kwa baiskeli

Wakuu, niliuliza nibebe hema au hamoki, ile bembea ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili. Wengi mlisema hema. Nilibeba hamoki, nimefika salama, na nashukuru kila aliyejibu.

Kuanzia Urambo hadi Kaliua ni miombo mitupu, miti ya kufungia unachagua. Tafuta mizima, tazama juu kama kuna tawi kavu, na tumia mikanda mipana gome lisichubuke. Usiikaze hamoki! Mikanda iteremke kwa pembe ya kama nyuzi 30, kisha lala mshazari; mgongo unanyooka vizuri kabisa. Siafu wakipita chini, wewe umelala.

Baridi ndiyo shida. Kiangazi usiku hewa inapita chini yako, na blanketi ulilolilalia halitunzi joto kwa sababu limebanwa. Weka godoro jembamba la sponji. Linazuia pia mbu wanaotoboa kitambaa kwa chini.

Kuanzia Uvinza mambo yakabadilika. Ukiripoti kwa mwenyekiti wa kijiji (ripoti, tafadhali, usilale porini kimyakimya) unapewa uwanja wa shule, mti mmoja katikati. Hapo hema lingeshinda. Michikichi ya kuelekea Ujiji sikuifunga kamba: makuti na mikungu huanguka.

Aliyeuliza kuhusu mbung'o: wanauma mchana ukiwa unaendesha, hema halisaidii. Vaa mikono mirefu, epuka bluu na nyeusi.