Tupeane uzoefu: uliyepita okestra ya vijana chini ya mwalimu aliyezeekea hapo hapo

Kiti cha nyuma (mleta mada)

Wakuu salama? Mi nilikaa okestra ya vijana miaka sita, fidla ya pili, safu ya mwisho kabisa karibu na mlango. Mwalimu wetu tulimkuta na tukamwacha, na waliotutangulia vivyo hivyo. Wiki ya kwanza nikasema nyumbani kondakta kanisifia, bibi akauliza kwani siku hizi unapigia fidla kwenye basi? Toka hapo nikawa nasema mwalimu tu yaishe.

Kisa changu ni simfoni ya tano ya Beethoven, ile ya pa-pa-pa-paaa. Wengi wanadhani inaanza na mlio, kumbe inaanza na kimya, yaani alama ya kwanza kwenye karatasi ni kipumziko kidogo, fimbo inashuka na wewe unatakiwa unyamaze ndo uingie mara baada yake. Sasa chukua vijana sabini wenye kiherehere uwaambie wanyamaze kwa pamoja uone. Siku hiyo masaa mawili tumerudia mwanzo tu, kila fimbo ikishuka kuna mmoja katangulia, na mara nyingi alikuwa mimi. Hakufoka hata mara moja, anaweka fimbo kwenye stendi, anafuta miwani, anaanza upya. Mwisho akatuambia acheni kuvizia fimbo, sikilizeni pumzi yangu. Jamani kumbe kabla ya kuishusha alikuwa anavuta hewa puani kwa nguvu, miaka yote hiyo mi nilijua mzee ana mafua!

Mara ya kwanza kufuata ile pumzi tuliingia kama mtu mmoja. Leteni na zenu.

Matoazi

Hahaha hiyo pumzi hata sisi wa nyuma kwenye ngoma tulikuwa tunaisikia.

Mi nilikuwa matoazi. Mwaka tuliopiga simfoni ya tisa ya Dvořák nilikaribisha ukoo mzima, sijawaambia kwamba matoazi kwenye simfoni ile yanalia mara moja tu. Moja! Iko sehemu ya nne, na wala sio lile pigo la kutikisa ukumbi, ni la taratibu kabisa. Dakika arobaini hivi umevaa tai unahesabu bari, vile vipande vya mapigo kwenye nota. Siku ya onyesho nikapotea kwenye kuhesabu na likanipita nimeyashika vile vile kama mtu aliyebeba trei ya chai. Ukumbini hakuna aliyejua, mama anasema ulipendeza sana mwanangu. Mwalimu akanikuta nafunga vyombo, akasema "leo simfoni ilitabasamu ikiwa na pengo", akaenda zake.

Onyesho la marudio namwangalia kwa woga, naona mkono wa kulia unaongoza okestra yote, wa kushoto kaushusha usawa wa kiuno, vidole vinanihesabia mimi peke yangu, nne, tatu, mbili... Nikapiga. Hakunitazama hata usoni.

Viola mkongwe

Mnamsifia sana mi nitakuwa tofauti, samahanini. Wa kwetu alikuwa na watoto wake pendwa na kila mtu alijua. Mtihani wa viti, yaani wa kupanga nani akae mbele na nani nyuma kwa uwezo wake, aliufanya mbele ya wote, rafiki yangu alitolewa kiti cha pili akapelekwa cha nane, akabeba stendi yake anapita katikati yetu tunaangalia chini, wiki iliyofuata hakuja tena na fidla nasikia iliuzwa. Halafu programu ni ile ile kila msimu kwa kuwa ndo anazozijua. Dudamel, yule kondakta wa Venezuela, alipewa kuongoza okestra ya vijana ya Simón Bolívar mwaka 1999 akiwa na miaka 18, kwa hiyo wanaosema mzee abaki kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza mi siwakubali. Mtu akikaa sana mahali anaanza kudhani ukumbi ni sebule yake.

Kiti cha nyuma

Mkuu hilo la viti pole, hata kwetu lilikuwepo kidogo. Ila hiyo hiyo Venezuela ya Dudamel, mzee Abreu, mwanzilishi wa okestra za vijana za huko, alianza na vijana wake 1975 na alikuwa nao mpaka anafariki 2018, na ndiye aliyemlea huyo Dudamel. Kukaa sana sio kosa, kukaa bila kulea mwingine ndo shida.

Viola mkongwe

Hapo sawa. Wa kwetu hakulea mtu.

Obo

Mi nachangia fupi. Obo, ala ya kupuliza yenye mwanzi mdomoni, ndiye anayetoa ile nota ya A wote wanatunia kwake, mara nyingi mitetemo 440 kwa sekunde. Nilikuwa na miaka 14, mdomo umekauka kwa woga, mwanzi ukatoa sauti ya bata. Ukumbi mzima kicheko. Mwalimu akageukia watu, akainama kwa heshima zote, kisha akaniambia kwa sauti ndogo "tena". Basi.

Selo

Nimecheka na kulia humu. Binti yangu kaanza okestra ile ile mwaka huu, kiongozi ni mwingine sasa. Majuzi kaja na nota za selo za kabatini, zile kuukuu zilizogeuka njano, ananiuliza mama hizi miwani ni za nini. Kweli, juu ya bari moja pamechorwa miwani kwa penseli, si mnajua tena, mwalimu akisema nitazameni hapa unachora miwani ili usisahau kuinua macho. Pako miwani tatu pamoja, mikono tofauti, moja imefifia karibu kupotea, na ya katikati yenye jicho moja kubwa kuliko lingine ni yangu.

Nikamwambia hapo anapunguza mwendo ghafla, inua macho. Akanijibu huyu wa sasa hapunguzi hapo, mama, anapita moja kwa moja.

Lakini kachukua penseli, kachora na yake.