Mdogo wangu anataka kuja Krismasi Moshi, ukoo umewaka. Naomba ushauri

Wakuu habarini, naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kwanza.

Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, anaishi Afrika Kusini, kule ndoa za jinsia moja ni halali tangu 2006 na ana mwenzake wanaishi wazi kabisa. Sasa mnajua sisi Wachaga Desemba lazima mtu apande mgombani, na yeye kasema mwaka huu anakuja, peke yake, amuone mama na kaburi la mzee. Baba mdogo kanusa (grupu la ukoo halina siri) kasema dogo akikanyaga Marangu anampeleka polisi. Na ada ya wanae anatumiwa na huyo huyo dogo, hapo dhambi haioni!

Mama anasema mwanangu ni mwanangu, ila juzi nimekuta picha ya mahafali ya dogo imetolewa ukutani iko kabatini chini ya mashuka.

Sheria naijua, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kuingiliana kinyume cha maumbile, ni jela si chini ya miaka 30 mpaka maisha, lakini kile kinaadhibu kitendo, sio mtu kuja kunywa mtori kwa mama yake. Ibara ya 13 ya Katiba nayo inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, ila kamwambie hivyo baba mdogo akishapiga mbege.

Sasa nimwambie afikie hoteli pale mjini mama ashuke amuone huko, au aje nyumbani tumsimamie? Na wanasheria mliomo, polisi wanaweza kumkamata kwa maneno ya ndugu tu?